Serikali Haina Macho ya Mungu

Hotuba niliyoitoa Kaloleni, Nairobi, jioni ya mjadala wa wakazi. Nimeiandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuingia.

Wazee wetu, akina mama, vijana wetu, na nyinyi mliovumilia msongamano wa Barabara ya Jogoo ili mfike hapa, hamjambo nyote. Wa Bwana asifiwe nawaitikia, wa Assalaam aleikum nawarudishia amani, na kama yupo aliyekuja bila salamu ya dini yoyote, huyo naye nampa mkono kwa moyo uleule.

Wengi mnanijua kama mwalimu mstaafu wa fizikia. Wengine mnanijua kama mzee wa kanisa. Nimeombwa nizungumze kuhusu dini ndani ya serikali, na huenda mlitarajia nianzie Ikulu au Bungeni. Niruhusuni nianzie mbali zaidi, maana naona ugomvi wetu juu ya mambo haya una swali jingine chini yake, la kale kuliko serikali zote: ni nini hasa kilichopo, na tunajuaje kwamba kipo?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya Wamarekani, walioirusha walikuwa Waitaliano, na kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hii ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuitazama anga kwa miale ya eksirei. Miale hiyo inayotoka kwenye nyota haipenyi hewa iliyoizunguka dunia, kwa hiyo toka Adamu hakuna aliyeweza kuiona akiwa ardhini. Roketi ndogo za miaka ya nyuma yake zilikuwa zimechungulia kwa dakika chache tu, zikaanguka. Uhuru ilikaa juu, ikakuta anga imejaa mioto. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimemetuka kwa kasi ambayo nyota ya kawaida haiwezi, na uchunguzi uliofuata ukawafanya wanasayansi waseme kwamba huenda pale pana shimo jeusi, kitu kizito kiasi kwamba hata nuru ikiingia haitoki. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Habari hii ilinitikisa nilipoisoma kwa mara ya kwanza, na bado inanitikisa. Anga hiyohiyo ya Malindi ilitazamwa na mabaharia wa majahazi kwa karne nyingi, wakijua njia kwa nyota. Wakulima wa pwani na wa bara walijua majira kwa kulitazama kundi la nyota la Kilimia. Watu hao hawakuwa wajinga wala waongo. Waliona walichopewa kuona, wakakitumia kwa akili nyingi. Lakini juu ya vichwa vyao, usiku na mchana, kulikuwa na mambo makubwa yanayotokea ambayo hakuna kiungo cha mwili wa mwanadamu kinachoweza kuyapokea.

Na si lazima twende mbali hivyo. Jua mlilolitazama likishuka nyuma ya vilima vya Ngong jioni hii lilikuwa jua la dakika nane zilizopita, kwa sababu nuru yake huchukua muda huo kutufikia. Meza hii ninayoigonga, tukiingia ndani ya chembe zake, karibu yote ni nafasi tupu, na ugumu ninaousikia mkononi ni nguvu za umeme zinazokataa kusukumwa. Nimefundisha mambo haya kwa vijana wa kidato cha nne kwa miaka mingi, na kila mara kuna mmoja aliyebaki nyuma baada ya kengele aniulize, mwalimu, sasa kilicho kweli ni kipi?

Jibu langu kwake ndilo jibu langu kwenu. Uhalisia ni mpana kuliko macho yetu, mpana kuliko vyombo vyetu, na mimi nadhani ni mpana hata kuliko akili zetu. Fizikia haikunifukuzia Mungu. Ilinizoeza kunyenyekea mbele ya nisichokiona, na unyenyekevu huo ndio ninaoingia nao kanisani Jumapili.

Ila unyenyekevu huo una deni, na deni hilo sote tunadaiwa. Kama mimi naona kidogo, basi na mhubiri wangu anaona kidogo. Na shehe wa msikiti ulio jirani anaona kidogo. Na profesa asiyeamini chochote anaona kidogo. Na Rais wa Jamhuri, awe nani, anaona kidogo. Hakuna aliyepanda juu akatazama yote akarudi na ramani kamili ya kutugawia. Ninaamini Mungu alijifunua, naam, na nitakufa nikiamini hivyo. Lakini ninapokuambia hilo ninakupa ushuhuda wangu, nawe una haki ya kuupima, kuupokea au kuuacha. Siwezi kukutumia polisi.

Hapa Nairobi tulikuwa na mwanafalsafa aliyelielewa jambo hili vizuri sana, marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati wasomi wengi wa nje walipokuwa wakisema kwamba Mwafrika haulizi, kwamba yeye hufuata tu imani ya ukoo wake, Odera Oruka alitoka mjini akaenda kuketi na wazee vijijini, watu kama Paul Mbuya Akoko, akawauliza kuhusu Mungu, kifo, uhuru na haki, na akayaandika majibu yao. Alichokuta ni wazee waliobishana na mila zao wenyewe, wenye kutoa sababu. Ninalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaosema kwamba kuhoji dini ni ugonjwa ulioletwa na wageni. Wazee wetu walihoji. Walihoji wakiwa na heshima, wakaendelea kuomba.

Sasa niingie kwenye serikali.

Serikali inatofautiana na kila chama, kanisa, msikiti na kikundi cha akina mama kwa jambo moja: inaruhusiwa kulazimisha. Sadaka natoa nikipenda. Ushuru nalipa nisipopenda. Mchungaji akinikasirisha nahamia kanisa lingine, lakini afisa wa serikali akinikosea siwezi kuhamia Kenya nyingine. Kwa kuwa ina nguvu hiyo, serikali inalazimika kunipa sababu ambazo raia yeyote anaweza kuzikagua, awe Mkristo, Mwislamu, Mhindu, Mrasta au asiye na dini. Waziri akisema bwawa halikujengwa kwa sababu fedha hazikutolewa, naweza kuuliza fedha zilikwenda wapi. Akisema ukame umekuja kwa ajili ya dhambi zetu, nitamuuliza nini? Nitakata rufaa kwa nani?

Mnakumbuka ukame ule, misimu mitano ya mvua ikipita mfululizo bila mvua ya maana, mifugo ikifa Marsabit, Wajir na Turkana. Tarehe 14 Februari 2023 serikali iliandaa siku ya maombi ya kitaifa katika Uwanja wa Nyayo. Mimi niliomba pia, nyumbani kwangu, kwa machozi, na sioni aibu. Mvua ikaja mwezi uliofuata. Kisha mwaka 2024, Aprili na Mei, ikaja mvua iliyobomoa. Mto Mathare ulifurika, watu wakafa usingizini, na nchi nzima tukazika zaidi ya watu mia mbili. Baada ya hapo serikali ikaleta tingatinga kubomoa nyumba za waliosalimika kando ya mito. Swali langu ni rahisi. Tulipoomba mvua, ni nani aliyekuwa akizibua mitaro? Kuomba ni kazi yangu na yako. Kuzibua mitaro, kutabiri hali ya hewa, kuhamisha watu mapema kwenye mahali pa kuishi, hiyo ni kazi tuliyoiajiria serikali na kuilipa. Ninaogopa maombi yanapotumika kuijaza nafasi ya kazi ambayo haikufanywa, kwa sababu hapo anayeumia mara mbili ni mtu wa Mathare, na jina la Mungu linabebeshwa lawama za ofisi ya mtu.

Kuna ndugu zangu kanisani wanaosema: mzee, Katiba yetu yenyewe inamtaja Mungu, unawezaje kusema dini ikae pembeni? Ni kweli. Utangulizi wa Katiba ya 2010 unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na unamalizika kwa kumwomba aibariki Kenya. Wimbo wetu wa taifa ni sala kutoka mwanzo. Vikao vya Bunge hufunguliwa kwa dua. Halafu Kifungu cha 8 cha Katiba hiyohiyo, kwa maneno machache kuliko karibu kifungu kingine chochote, kinasema hakuna dini ya Serikali. Na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na kinakataza kumlazimisha yeyote kutenda kinyume cha imani yake.

Wengine wanaona hapo pana mgongano. Mimi naona busara kubwa. Wanaokiri katika Utangulizi ni sisi, watu wa Kenya. Watu wana moyo, wanaweza kukiri. Serikali ni mpangilio wa ofisi, sheria na bajeti. Haina roho ya kuokolewa wala kuhukumiwa siku ya mwisho. Tazameni hata kiapo cha Rais kwenye Jedwali la Tatu: anaweza kuapa kwa Mungu, au anaweza kutoa tamko la dhati bila kumtaja Mungu, na vyote viwili vina uzito sawa kisheria. Walioandika Katiba walimwachia mlango Mkenya ambaye hajazaliwa bado, asiyeamini, anayeweza siku moja kuchaguliwa. Mimi sidhani nitampigia kura mtu huyo. Lakini nafurahi mlango upo, kwa sababu ni mlango uleule unaomlinda mjukuu wangu Mkristo akienda kuishi mahali ambapo Wakristo ni wachache.

Mwaka huo wa 2010 Katiba hii ilipata upinzani kwa sababu ya dini. Viongozi wengi wa makanisa walipinga, baadhi kwa ajili ya kifungu kuhusu uhai na utoaji mimba, na wengi kwa ajili ya mahakama za Kadhi. Mwezi Mei, majuma machache kabla ya kura, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliosema kuwekwa kwa mahakama za Kadhi ndani ya Katiba ya zamani hakupatani na nchi isiyo na dini ya serikali. Tarehe 4 Agosti Wakenya wakapiga kura, na takriban asilimia 67 wakasema ndiyo, mahakama za Kadhi zikiwemo.

Nataka kuwaeleza Wakristo wenzangu kwa nini mimi nilisema ndiyo. Mahakama hizo zilikuwepo pwani kabla ya kuwepo nchi inayoitwa Kenya. Ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi mwaka 1895 kwa sharti la kuheshimu sheria ya Kiislamu, na mwaka 1963, ukanda huo ulipounganishwa na Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana kwamba Kadhi ataendelea. Ni ahadi iliyotuwezesha kuwa nchi moja. Tena, Kadhi anashughulikia ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu pekee, na kwa wale tu wanaokubali mamlaka yake. Hakuna Mkristo anayeweza kuburutwa mbele ya Kadhi. Kwa kipimo changu cha nani analazimishwa, hilo linapita. Najua wapo humu wanaodai kwamba mwanamke Mwislamu hana uhuru kamili wa kukataa pale jamaa zake wanapomshinikiza. Hoja hiyo ni nzito, na ningependa isemwe na wanawake Waislamu wenyewe, si na mimi.

Sasa niseme kwa nini ninaliogopea kanisa zaidi ya ninavyoiogopea serikali.

Mliokuwa watu wazima enzi za Nyayo, utawala wa Rais Moi, mnakumbuka taarifa ya habari ya Jumapili. Ilianza kwa Rais akiwa kanisani. Wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, kamera ikimwonyesha akiimba, akisalimiwa na mchungaji. Wakati huohuo, hapa katikati ya mji, chini ya ghorofa ya Nyayo House, walikuwamo watu waliofungiwa vyumba vyenye giza, wakimwagiwa maji, wakipigwa, kwa kushukiwa kuwa wa Mwakenya, kikundi cha siri kilichoipinga serikali. Mahakama zetu baadaye ziliwalipa fidia wengi wao, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni uzushi. Ninawaza sana juu ya umbali kati ya kiti kile cha mbele kanisani na chumba kile cha chini. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Ni nani miongoni mwa waliokuwa wakimkaribisha Rais kila Jumapili aliyemuuliza habari za chumba kile?

Waliouliza walikuwa wengine, na majina yao tuyataje kwa sauti. Askofu Henry Okullu. Askofu David Gitari, aliyepinga akiwa kwenye mimbari kura ya mlolongo ya 1988, ile ya kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki. Mchungaji Timothy Njoya, aliyetumia mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1990 kusema kwamba tawala za chama kimoja zinazoanguka Ulaya Mashariki zina somo kwetu. Na Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia, akahubiri, na akiwa njiani kurudi akafa katika ajali ya barabarani. Waziri alijiuzulu. Hadi leo mioyo ya watu wengi haijatulia juu ya ajali ile.

Kumbukeni pia akina mama. Mwaka 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walifunga na kukesha pale Uhuru Park wakidai watoto wao, pamoja na Wangari Maathai. Polisi wakawapiga na kuwatawanya. Walikwenda wapi? Walivuka barabara wakaingia All Saints Cathedral, wakakaa chini ya kanisa lile kwa miezi, mpaka karibu vijana wao wote wakaachiliwa. Na miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa hilohilo wakawapiga watu waliokuwa wakidai mageuzi, Njoya akiwa miongoni mwa waliojeruhiwa.

Kanisa lile liliweza kuwafungulia mama wale mlango kwa sababu halikuwa na deni Ikulu. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, hata kama mtasahau mengine yote. Dini ikiwa nje ya serikali inaweza kuiambia serikali hapana. Ikiwa ndani, inapewa kiti, kipaza sauti na bahasha, na neno la kwanza linalopotea kinywani mwake ni hilo.

Tumeliona likipotea. Katika uchaguzi wa 2007 makanisa yetu yaligawanyika kufuata makabila ya waumini wao, wahubiri wakatabiri ushindi wa upande huu na upande ule, na nchi ilipowaka moto hakuna aliyekuwa amebaki katikati wa kusikilizwa na pande zote mbili. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka huohuo viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea upande. Nawaheshimu kwa kukiri. Lakini kila msimu wa kura bado naona wahubiri wakiwawekea mikono wagombea na kutangaza kwamba huyu ndiye Mungu aliyemchagua. Akishinda, nani atathubutu kumhoji mteule wa Mungu? Akishindwa, je, Mungu ameshindwa? Hili linaniuma kama muumini. Wanaweka heshima ya Mwenyezi Mungu juu ya karatasi za kura.

Tena yapo mambo yanayonitia moyo. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataza wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kanisa la Kianglikana. Mwaka 2024 vijana waliojaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha waliyageukia makanisa pia, wakawaambia wachungaji waziwazi kwamba madhabahu si jukwaa la siasa, wala mchango wa mwanasiasa asiyeeleza fedha zake zimetoka wapi si sadaka. Ilichukua watoto wetu kutuambia hivyo. Na Novemba mwaka huo, baada ya Rais kutoa michango katika parokia ya Soweto kule Kayole, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha zirudishwe. Nyumba ya padri ilikuwa inahitajika, kwaya ilikuwa inahitaji msaada, na bado walirudisha. Natamani kila muumini wa mji huu alielewe tendo lile. Kayole si mtaa wa matajiri.

Ndiyo maana pia sikufurahishwa na habari za Julai 2025 kwamba kanisa kubwa linajengwa ndani ya Ikulu. Rais alisema atalijenga kwa fedha zake mwenyewe. Hata iwe hivyo, Ikulu si shamba la mtu. Ni nyumba ya Wakenya wote, na katika sensa ya 2019 takriban asilimia 11 kati yetu walijitambulisha kuwa Waislamu, na watu zaidi ya laki saba walisema hawana dini. Rais ana haki ya kusali popote, hata ofisini kwake akiwa amepiga magoti, na nitamwombea. Jengo hubaki mwenyewe akiondoka, nalo linazungumza kwa niaba ya dola.

Nitapita haraka kwa walio wachache, ingawa wanastahili hotuba yao. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kuwavunja nguvu baada ya Mekatilili wa Menza kuwaunganisha watu kwa kiapo. Walijua wanachokipiga. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyoanzia kwa Wabukusu, ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1948, na serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Mwaka 2019 ilibidi kesi ya mwanafunzi mmoja wa shule ya upili Kibra, aliyezuiwa kwa sababu ya rasta zake, ifike mahakamani, ndipo Mahakama Kuu iseme kwamba Urastafari ni dini na msichana arudi darasani. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016, kikasimamishwa baada ya majuma machache, kikarudishwa kwa amri ya mahakama. Kila mara serikali inapojaribu kupima imani ipi ni ya kweli, huanza na asiye na mtetezi. Ilianza na Wagiriama, kisha Wabukusu, kisha msichana mwenye rasta. Mimi mzee wa kanisa kubwa sijaguswa bado, na si kwa sababu imani yangu imethibitishwa na maabara yoyote.

Najua swali lililo midomoni mwenu. Na Shakahola je? Ukiiambia serikali isihukumu imani, nani angewaokoa watoto wale?

Nimelala nikiliwaza swali hilo mara nyingi. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ule wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba wakijinyima chakula mpaka kufa watakutana na Yesu. Wengi walikuwa watoto, na mtoto hajinyimi chakula, ananyimwa. Hakuna maneno yangu ya fizikia wala ya theolojia yanayofika kwenye makaburi yale. Lakini tutazame kilichotokea hatua kwa hatua. Mhubiri anayeshtakiwa alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017, na tena 2019. Majirani walisema. Jamaa walilia. Kamati ya Seneti iliyochunguza ilisema vyombo vya usalama na haki vilizembea. Kumnyima mtoto chakula lilikuwa kosa la jinai Kenya muda mrefu kabla ya Shakahola. Kumtoa mtoto shuleni lilikuwa kosa. Kumzika mtu kisiri msituni lilikuwa kosa. Serikali haikuhitaji kujua kama mafundisho yale yalikuwa ya Mungu au ya shetani. Ilihitaji kuhesabu watoto.

Jopokazi lililoongozwa na Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2024 kuhusu namna ya kusimamia mashirika ya dini, na mjadala wa sheria mpya unaendelea. Msimamo wangu ni huu. Shirika lolote la dini linalosamehewa kodi lifungue hesabu zake, kila mwaka, kwa waumini na kwa msajili. Uponyaji wa uongo unaomfanya mgonjwa aache dawa ushtakiwe kama ulaghai mwingine wowote. Mtoto aguswe na nani, popote, hata madhabahuni, polisi waingie bila kubisha hodi. Lakini siku serikali itakapodai kuidhinisha kinachohubiriwa, kwa muhuri na leseni, nitasimama kuipinga pamoja na wale ambao mafundisho yao siyapendi kabisa, kwa sababu karani wa leseni naye anaona kidogo, nami sitaki mkono wake juu ya dhamiri ya mtu.

Jumapili ijayo, mheshimiwa akija kanisani kwenu, mkaribisheni. Mpeni nafasi kwenye benchi karibu na mama mboga na fundi wa viatu. Akitoa sadaka, aitie kwenye kikapu pamoja na wengine, bila kutajwa jina wala kiasi. Ibada ikiisha, mngojeni nje, chini ya mti au kwenye maegesho, mumuulize kuhusu zahanati, kuhusu basari, kuhusu mtaro wa maji taka. Huko nje ndiko ana majibu ya kutupa.

Kipaza sauti kiko kwa dada aliye karibu na mlango. Naomba wanaonipinga waanze, na wachungaji mliopo msione haya kuwa wa kwanza.